Mwalimu wa Udereva na Matairi ya Mbele

Watu wengi wa rika langu mjini Morogoro waliojifunza gari miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa walifundishwa na mama mmoja. Ukimuuliza yeyote kati yao siku ya kwanza alijifunza nini, atakuambia alijifunza kusukuma. Hukupewa usukani. Hukupewa hata kiti. Ulifika uwanjani nyuma ya Msamvu umevaa viatu vyako vizuri, umeshajiona dereva, ukaambiwa weka mkoba pale, shika nyuma ya pikapu, sukuma. Yeye alitembea kando yako, mikono mgongoni.

"Unausikia uzito?" aliuliza. "Ukishakaa ndani utasahau kwamba gari ni zito. Nataka mikono yako ikumbuke."

Tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye leseni yake ya biashara, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Askari wa barabarani walimwita Mwalimu, mapadre walimwita Mwalimu, na wauza nyanya sokoni pia, ingawa hawakuwa na gari wala nia ya kuwa nalo. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja pale mjini. Kiwanda kilipopata mwekezaji, na mwekezaji akaona wafanyakazi wamezidi, alipunguzwa pamoja na wenzake. Wenzake wengi walifungua vibanda vya soda. Yeye alinunua pikapu iliyochoka, akaipaka rangi nyeupe mwenyewe kwa brashi ya kupakia kuta, akaiandika ubavuni kwamba ni shule.

Baada ya kusukuma ilikuja chaki. Alichora mstari mweupe ubavuni mwa tairi, chini kabisa pale linapogusa ardhi, kisha mwingine ardhini mkabala na huo. Ulisukuma mpaka mstari wa kwenye tairi uzunguke na kurudi chini, halafu ukageuka kuangalia ulikotoka. "Hiyo ndiyo hatua ya hili gari," alisema. "Kila gari lina hatua yake. Usipoijua, utagonga ukuta huku unasema ulikuwa mbali." Tulidhani ni vituko. Mwanafunzi mmoja, mhadhiri wa Mzumbe, mwanaume mpole sana, alimuuliza kama hayo yamo kwenye mtihani wa leseni. Mwalimu alimjibu kwamba hata kifo hakimo kwenye mtihani wa leseni, na akamwongezea kusukuma.

Ukali wake ulikuwa wa uwanjani tu. Pale alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Alimkaripia kila mtu kwa usawa, awe muuguzi, mke wa mkubwa au mtawa. Sista mmoja aliyetumwa na shirika lake kujifunza alikuwa na tabia ya kugusagusa breki bila sababu. "Sista," Mwalimu akasema, "breki hazihesabiwi kama rozari." Sista alicheka mpaka gari likazima, na tangu siku hiyo aliendesha vizuri. Lakini Mwalimu huyohuyo, mkishaondoka mjini mkaanza kupanda milima, sauti yake ilishuka. Kwenye kona za Uluguru, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu na upande wa pili migomba iko chini kabisa, alinong'ona kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Taratibu. Usiliangalie bonde. Angalia pale unapotaka kupita." Sijui ni wangapi kati yetu tuliookolewa na ule mnong'ono. Mimi ni mmoja wao.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukielewa ni kwamba mwanamke huyu, aliyeteremsha malori yaliyojaa pamba kwenye njia zisizo na kingo, alikuwa mwoga wa kupindukia akipanda gari kama abiria. Kwenye basi la Dar alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kukanyaga sakafu kila dereva alipopaswa kushika breki. Alifika akiwa amechoka miguu. Ukimcheka, alinuna.

Na alikuwa mtu wa kujua. Kwa kweli, kama alikuwa na kasoro moja kubwa, ilikuwa hiyo. Hakuwahi kukosea. Akikuelekeza njia ukapotea, basi njia ndiyo iliyohamishwa. Alivaa kitenge, raba za kiume na shati la kaki lililobaki kiwandani, na akitoa hukumu alikunja mikono ya lile shati kwanza. Hukumu yake juu ya magari ya mtumba kutoka Japani, yaliyoanza kumiminika wakati huo, ilikuwa fupi. Alisema yamelelewa vibaya. Yalikuwa na vitufe vingi mno, yalikuwa na taa nyekundu na njano za kila aina, na mengine ukiyawasha sauti ya mwanamke ilikusemesha Kijapani. Kila aliposikia ile sauti Mwalimu aliitikia, "Marahaba," akaendelea na shughuli zake. Zile taa za dashibodi aliziita mapambo ya harusi. "Dereva anasikiliza injini," alisema. "Taa ni za watu wasio na masikio."

Ndivyo alivyokuwa siku niliponunua gari langu. Nilikuwa mpiga chapa ofisini, na mimi na kaka yangu tulichanga kwa muda mrefu tukapata gari dogo la Kijapani lenye rangi ya maziwa, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Tulilinunua kwa ajili ya mama. Mama aliishi juu, upande wa Mgeta, kwenye shamba lake la kabichi na maharage, na hakutaka kusikia habari ya kuhamia mjini. Lakini alikuwa na kisukari, na masika ile alipata kidonda kwenye mguu wa kushoto ambacho kilikataa kupona. Sista wa zahanati ya misheni alitutumia ujumbe kupitia dereva wa lori la mboga: mleteni mjini mapema, asipotibiwa mguu huu utakatwa.

Nilikwenda kwa Mwalimu siku hiyohiyo, si kwa sababu ya gari, kwa sababu ya woga. Nilikuwa na leseni lakini sijawahi kupanda milima ile wakati wa mvua bila yeye pembeni. Alinisikiliza, akazunguka gari langu, akapiga tairi la mbele teke.

"Haya ni ya lami," akasema. "Utakwenda nayo wapi, harusini?"

Akaingia uani kwake akatoka na magurudumu mawili na rimu zake, matairi yenye meno marefu, aliyoyatunza kwa ajili ya pikapu. Yaliingia kwenye skrubu za gari langu bila ubishi. Nilimuuliza kama hayafai kufungwa nyuma, maana nyuma ndiko kunakosukuma. Alikunja mikono ya shati.

"Kwenye matope gari linashikwa kwa mbele," akasema. "Mbele kukiteleza, nyuma kutakusukuma kwenda bondeni. Mimi nimeendesha lori, mwanangu." Alikuwa hamwazimi mtu hata spana, na leo ananipa matairi yake mazuri. Ningebishana naye vipi? Aliyafunga mwenyewe, yangu akayatia kwenye buti, akakataa shukrani, akaniambia nimsalimie mama.

Taa iliwaka kabla sijafika nyumbani. Ilikuwa taa ya njano yenye picha ya kigari na mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake, kama njia ya nyoka. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena ikabaki. Kesho yake asubuhi nilimpitia Mwalimu kumwonyesha. Aliitazama kupitia dirishani, akatoa plasta ya kidonda kwenye mkoba wake, akaibandika juu ya taa.

"Imepona," akasema. "Nenda kamlete mama."

Nilikwenda. Mpaka Mzumbe, kwenye lami tambarare, gari lilikuwa zito kidogo lakini lilikwenda. Niliingia barabara ya udongo, nikaanza kupanda, na kwenye mlima wa kwanza wa maana likakata pumzi. Nilikanyaga mafuta, injini ikaitikia kidogo, kisha ikashuka yenyewe. Nikakanyaga zaidi, ikashuka zaidi. Halikuzima, halikuteleza, halikutoa moshi. Lilikataa tu. Wanaume waliokuwa wakishuka na matenga ya karoti walilisukuma, likasogea, wakaliacha, likasimama. Nilirudi kinyumenyume kwenye ile barabara huku nalia, na mvua inaanza. Juu kule mama alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani na kukaa kwenye benchi la zahanati kunisubiri. Alikaa pale mpaka wakafunga.

Kwa mafundi nilisikia kila kitu. Wa kwanza alisema kompyuta imekufa na hapa nchini haitengenezwi. Wa pili alisema hilo si tatizo, yeye huwa anafungua dashibodi na kuichomoa balbu ya taa, magari mengi yanayouzwa mjini yameshachomolewa, mbona yanatembea. Nilimwambia sitaki taa izime, nataka gari lipande. Aliniangalia kama mtu mgumu kuridhika. Kaka alikwenda kutafuta gari la kukodi, lakini wenye magari ya kupanda kule walikuwa wamesitisha kwa sababu ya mvua, na malori ya mboga yalikuwa yakikwama njiani. Siku zilikuwa zinapita, na kila nilipofumba macho niliuona ule mguu.

Nilirudi uwanjani. Mwalimu alikuwa anafundisha. Aliponiona peke yangu alimwacha mwanafunzi katikati ya uwanja.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko juu. Gari limekataa mlima."

Nilimweleza yote. Aliingia ndani ya gari, akabandua plasta, akavaa miwani na kuitazama ile picha kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiheshimu taa.

"Hiki kigari kinafanya nini hapa?" akauliza.

"Kinateleza, nadhani. Hiyo ni mistari ya kuteleza."

"Basi gari lako linasema linateleza. Linateleza wapi, kwenye lami kavu?" Alishuka. "Na likidhani linateleza linafanya nini?"

"Linakata nguvu," nikasema, na nilipokuwa ninasema nikaanza kuona. "Linakata nguvu lisizungushe magurudumu bure."

"Nani kaliambia magurudumu yanazunguka bure?"

Nilijua taa ilianza lini. Nikasema, "Mwalimu, ilianza siku ile ya matairi."

"Matairi yangu ni mazima," akajibu kwa ukali, na mwanafunzi wake akageuza uso upande mwingine. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa chaki.

Alichora mstari chini ya tairi la mbele, akachora mwingine chini ya tairi la nyuma. Hakuniambia nisukume. Alisukuma mwenyewe, bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, na mimi nikaenda nyuma kusaidia. Mstari wa nyuma ulizunguka ukarudi chini, na wa mbele ulikuwa bado njiani. Tukasukuma tena. Wa nyuma ukafika, wa mbele ukazidi kuachwa. Tulipofika upande wa pili wa uwanja ile mistari miwili ilikuwa haijuani tena. Matairi yake yenye meno yalikuwa makubwa kuliko yangu, si kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini kwa kila hatua moja ya mbele, nyuma kulikuwa kumeshaanza hatua nyingine. Gari lilikuwa linahesabu magurudumu yake, likaona ya nyuma yanayashinda ya mbele, likaamini yanaserereka. Halikuwa na kosa. Lilikuwa linafanya kazi liliyofundishwa huko lilikotengenezwa, mahali ambapo pengine hakuna mtu anayefunga matairi ya pikapu mbele.

Mwalimu alifuta mikono kwenye kitenge. Alileta jeki, akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua zile skrubu zake mwenyewe mojamoja, nami nikamletea magurudumu yangu ya zamani kutoka kwenye buti. Hakuomba radhi, na mimi sikutaka radhi, nilitaka mguu wa mama. Nilipowasha gari taa zote ziliwaka kama kawaida, halafu zikazima, na ile ya njano ikazima pamoja nazo. Nilizunguka uwanja mzima, nikatoka mpaka barabara kuu, nikarudi. Haikuwaka. Nilishusha kioo kumwambia, nikamkuta ameshaondoka. Alikuwa anatembea kando ya barabara kuelekea kwake, amebeba gurudumu moja na analiviringisha jingine, na hakugeuka.

Siku iliyofuata mvua ilipumzika na nilipanda. Gari liliteleza mara kadhaa kwenye utelezi wa kweli, taa ikapepesa, nguvu ikapungua na kurudi, na safari hii nilijua linaniambia nini. Nilinong'ona peke yangu njia nzima. Mama nilimkuta kwenye lile benchi, na gauni lilelile. Tulishuka salama, na hospitalini walimpokea papo hapo. Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari aliponiambia umebaki, nilikaa kwenye sakafu ya korido, na muuguzi akaniletea maji.

Baada ya hapo Mwalimu alibadilika kwetu, na mimi sikujua kwa nini. Mtu aliyekuwa anasimamisha somo ili amsalimie mzazi wa mwanafunzi, mama yangu hakwenda kumwona hospitalini, wala nyumbani kwangu alikouguzwa. Tukikutana aliniuliza, "Mguu?" na kabla sijamaliza kujibu alikuwa ameona mtu wa kumkaripia. Nilidhani ni kiburi, kwamba hapendi kuwa karibu na ushahidi wa kukosea kwake. Niliudhika, nasema kweli. Miaka ikapita tukisalimiana hivyo. Huko uwanjani, nilisikia, alianza kuwaambia wanafunzi wapya kwamba matairi manne ni ndugu wanne, usichanganye na mtoto wa jirani, na akiulizwa aliyajua wapi alijibu kwamba aliyajua zamani.

Mwaka binti wa kaka yangu alipopata kipaimara nilimwalika, na kwa mshangao wangu alikuja. Alikuwa amezeeka. Shati la kaki lilikuwa limempwaya mabegani. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, na sahani ya pilau mapajani. Mwalimu aliwapita wageni wote bila kusalimia, jambo ambalo sijaliona kwake kabla wala baada, akaenda kusimama mbele yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye Mwalimu? Karibu ukae."

Hakukaa. "Dada, gari la mwanao lilipokataa kupanda, lilizuiwa na matairi yangu. Mimi ndiye niliyeyafunga. Ulikaa juu kule siku zote zile kwa sababu yangu." Sauti yake ilikuwa ile ya kwenye kona za mlimani, na nilijisogeza ili nisikie. "Nataka kukuuliza. Vile vidole, ni mimi?"

Mama aliweka sahani chini. Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya kwetu, kinapanda na kushuka, na huwa hakiharakishwi.

"Vidole?" akasema. "Vile vilishakufa kabla hata huyu hajanunua gari. Vilikuwa vyeusi kabisa. Nilivificha kwenye soksi hata sista asivione, wasije wakanishusha kabla sijang'oa maharage. Daktari alisema vile visingepona hata ningelala mlangoni kwake. Mguu ndio alisema umewahi."

"Sema tena, dada."

Mama alirudia, neno kwa neno, bila kuuliza sababu. Mwalimu alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale kwenye mkeka miguuni pa mama, akafunika uso kwa ncha ya kitenge, na mabega yake yakatikisika. Nilishikwa na uchungu kwa miaka yote niliyodhani ni kiburi, na pamoja na uchungu huo nikasikia mwili mzima unalegea kwa nafuu, kana kwamba kidonda kilikuwa changu. Mama hakumbembeleza. Alimwekea mkono kichwani, akaendelea kutazama watoto wanaocheza.

Mwalimu alipomaliza alifuta uso, akavaa miwani, akaomba kuuona mguu. Mama alivua kiatu. Mwalimu aliupokea mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaukunja, akaunyoosha, akabonyeza kisigino, akapapasa vile vidole vitatu vilivyobaki kimoja kimoja. Halafu akakunja mikono ya shati.

"Huu mguu ni mzima," akasema. "Unakanyaga klachi bila tabu. Njoo uwanjani Jumatatu."

Mama, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, alivaa kiatu chake taratibu.

"Saa ngapi?" akauliza.